Ndugu wa Ngurumo

Mara ya kwanza Wawrzek Faron alipolitamka lile neno, mkewe alidhani anazungumzia kijiko. Alikuwa amelazwa hospitali ya mjini, upande wote wa kulia umekufa ganzi kwa kiharusi, na Salka alikuwa amemletea supu ya kabichi chachu ndani ya chupa ya chai. Alimlisha kwa kijiko cha mezani. Wawrzek akameza, akamkazia macho, akafungua kile kinywa chake kilichopinda, na baada ya siku nyingi za kuguna tu likatoka neno zima, safi kabisa:

"Ogromny."

Yaani kubwa, kwa Kipolandi. Tena si kubwa hivi hivi. Kubwa la kupita kiasi, la kumfanya mtu arudi nyuma hatua. Salka alifurahi hadi machozi yakamtoka. Akatoka mbio kwenye ukumbi.

"Mume wangu anaongea!" aliwaambia wauguzi. "Analalamikia kijiko! Nipeni kijiko cha chai, dada zangu, upesi!"

Kijiko kidogo kilipofika, Wawrzek alikipiga kikumbo kwa mkono wa kushoto, supu ikamwagika shukani. "Ogromny," akasema. "Ogromny, ogromny."

Tangu siku ile hakupata neno jingine. Jina la mkewe lilipotea, la kwake mwenyewe lilipotea, hata sala ya Baba Yetu aliyoisema tangu utotoni ilifutika. Likabaki hilo moja. Walimrudisha nyumbani, kijiji cha milimani cha Przysłopek, mwezi wa Novemba, halny ilipokuwa imeanza kuvuma. Halny ni upepo wa vuguvugu unaoporomoka kutoka vileleni. Ukishuka, ng'ombe hubana maziwa, mbwa hubweka bila sababu, na majirani waliopatana mwaka mzima hutukanana juu ya ua. Salka alizaliwa katika upepo huo na hakuwahi kuuzoea. Mwaka ule ulimkuta na mgonjwa ndani.

Kitanda walikiweka jikoni, kando ya dirisha, karibu na jiko la kuni. Kutoka hapo Wawrzek aliuona uwanja wote na ukuta wa banda la farasi, ila mlango wa banda hakuuona, kwa kuwa ulikuwa upande wa pili. Alikaa ameegemea mito, macho kwenye ukuta ule. "Ogromny," alisema, na mkono wa kushoto ukapiga ubao wa kitanda.

"Nini kikubwa, Wawrzek? Mto? Nikutolee mto mmoja?"

Akatikisa kichwa.

"Maumivu? Unaumwa sana?"

Akatikisa kichwa kwa hasira zaidi.

"Basi nini, kwa jina la Mungu? Dirisha? Upepo? Mimi?"

Salka akawa hatulii. Alianza kumenya viazi akaviacha na kisu ndani ya beseni, akatoka kuanua nguo ambazo hazijakauka, akarudi akazikuta tena mikononi mwake, hajui alitaka kuzifanya nini. Alichochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri. Alikwenda makaburini kuangalia kama taa za mishumaa za sikukuu ya Watakatifu Wote zimepeperushwa, akafika langoni, akageuka bila kuingia, kwa maana aliona kama anaitwa. Na kweli alipofungua mlango alilikuta lile neno linamngoja.

Ignac, mdogo wake Wawrzek, aliyekuwa akija kila siku kupasua kuni, alijaribu kumchekesha.

"Anakusifu, shemeji. Miaka yote hii hajakuambia neno tamu, leo anaona wewe ni mkubwa."

"Toka hapa, Ignac. Kwa mwili huu wangu mwembamba angesema mwiko."

"Basi ananisema mimi. Aliniambia kila mwaka nina tumbo."

Wakacheka kidogo. Wawrzek akawatazama, yule aliyecheka na yule aliyechekesha, kisha akageuza uso ukutani. Kicheko kikakatika.

Ukweli ni kwamba Salka alikuwa na jambo moyoni, na jambo hilo ndilo lililomkimbiza huku na huko kuliko upepo.

Wawrzek alikuwa mvuta magogo. Miteremko ya kule ni mikali kiasi kwamba mashine za kampuni za misitu hazithubutu kupanda, na mahali mashine inaposhindwa huitwa mtu na farasi. Yeye alikuwa na farasi wa kijivu, mpana kifuani kama mlango wa kanisa, na walifanya kazi pamoja tangu mnyama huyo alipokuwa mtoto. Nyumbani aliitwa Mvi tu, kwa rangi yake. Salka alimwita hivyo, Ignac alimwita hivyo, na mtoto wao wa pekee, aliyekuwa Norwe akijenga nyumba za watu, aliuliza kwenye simu: "Mvi hajambo?" Lakini farasi alikuwa na jina jingine la kazini, alilopewa na Wawrzek mwenyewe, na Wawrzek hakupenda litumike ovyo uani. Jina la kazi ni la msituni, alisema.

Wawrzek alipoanguka na kulazwa, Mvi alibaki bila kazi. Farasi wa magogo asiyefanya kazi ni kama mto uliozibwa. Alivunja mbao za banda, akamng'ata Ignac begani, na asubuhi moja Salka alipomletea maji alimbana ukutani kwa ubavu hadi pumzi ikamkatika. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa anatafuta mtu aliyemzoea.

"Auzwe," Ignac alisema. "Kaka akipona atanilaumu mimi. Asipopona, hakuna wa kulaumu."

Mtoto naye akasema kwenye simu, "Muuze, mama, atakuua." Basi akaja dalali na lori lake, mnyama akapandishwa kwa shida, na Salka akafagia banda mwenyewe huku akijiambia: akirudi, akipata nguvu, nitamwambia. Wawrzek akarudi. Nguvu zilikuja kidogo kidogo, na kila siku Salka aliona hazijatosha.

Hospitali ilikuwa ikimtuma kwao mtaalamu wa kurudisha usemi, Bi Dobrosława, mwanamke kijana mwenye mafua yasiyokwisha na mkoba uliojaa kadi za picha. Alivua viatu mlangoni, akaketi kando ya kitanda, akaonyesha kadi moja moja: nyumba, tufaha, mbwa, kiti.

"Hii ni nini, Bwana Wawrzyniec?" Yeye aliwaita mume na mke kwa majina yao kamili, Wawrzyniec na Salomea.

"Ogromny."

"Na hii?"

Wawrzek alizichota kadi zote kwa kiganja akazitupa sakafuni. Bi Dobrosława akapiga magoti kuziokota, akapiga chafya, hakukasirika.

Salka alimsindikiza hadi mlangoni. Akamshikia koti, na maneno yakamtoka kama maji yanayochemka yakimwagika jikoni.

"Bi Dobrosława, niambie ukweli. Amepotewa na akili? Kila kitu anakiita kikubwa. Nimempelekea kila kilichomo nyumba hii, kikubwa na kidogo. Kuna nini ndani ya neno hilo?"

"Akili anayo," alisema yule mtaalamu akivaa kiatu. "Angalia macho yake. Anajua anachotaka kusema, ila anapopeleka mkono kukichukua, mkono unashika cha jirani. Nilikuwa na mama mmoja aliyesema kisu kila alipotaka uma. Mwingine alimwita mwanawe kwa jina la kaka yake. Kwa hiyo usilitazame neno lenyewe, Bi Salomea. Tazama majirani zake na ndugu zake."

"Neno lina ndugu?"

"Maneno yote yana ndugu. Hili lako, kwa mfano, ni la ukoo wa ngurumo."

"Ngurumo gani tena?"

"Lisikilize taratibu. O-grom-ny. Katikati kuna grom, ngurumo ya radi. Tulifundishwa chuoni kwamba huko zamani, kabla hata hatujawa Wapoland, neno hili lilikuwa la masikio. Kitu cha namna hii kilikuwa kile chenye kishindo, kinachonguruma kama mbingu. Baadaye watu wakalihamisha kutoka masikioni hadi machoni, likawa la ukubwa. Sasa tunalisema juu ya mlima uliokaa kimya na hatusikii tena kishindo chochote ndani yake." Akajifuta pua. "Mwenzako anaogopa radi, labda? Alipigwa na radi akiwa kazini?"

Salka alikuwa bado ameshika koti la Bi Dobrosława kwa kola, na mgeni akalazimika kulivuta polepole kutoka vidoleni mwake.

Grom. Ndilo lilikuwa jina la msituni la yule farasi.

Amelisikia mara ngapi! Alipokuwa akimpelekea Wawrzek chakula mlimani, alilisikia likipigwa kati ya miti kabla hajawaona wenyewe: Grom! Grom! Na kwa muda wote huu mumewe alikuwa akimuuliza jambo moja, asubuhi, mchana na jioni, naye akamletea vijiko na mito. Au labda, alijiambia akiwa amesimama pale mlangoni upepo ukimpeperushia kitambaa cha kichwani, labda sikio langu lilisikia, mimi ndiye niliyelikataza.

Aliingia ndani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi, maana hakuwa anakaa.

"Grom?" akauliza.

Uso wa Wawrzek ukafunguka wote, hata ule upande uliokufa. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akamshika mkono, akaunyoosha mkono huo huo wa Salka kuelekea ukuta wa banda.

"Hayumo," Salka akasema. "Nimemuuza, Wawrzek. Ulipokuwa hospitali. Hakuna aliyemweza."

Mkono ukaachiwa. Wawrzek hakupiga ubao, hakutupa kitu. Akafumba kinywa, na lile neno moja aliloachiwa na kiharusi, nalo akaacha kulisema.

Salka aliwahi kuomba kwa Bikira Maria mara nyingi apumzishwe na neno lile. Sasa alilitafuta kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba ngeni. Siku ile ikapita, na iliyofuata, Wawrzek anakula akilishwa, anageuzwa akigeuzwa, haguni hata. Upepo ukaendelea kusukuma paa. Salka aliosha vyombo visafi. Alipasua kuni zilizokwisha kupasuliwa, hadi Ignac akamnyang'anya shoka.

"Utajikata mguu, shemeji, halafu niuguze wawili."

"Washa gari," akasema Salka. "Twende kwa dalali."

"Saa hizi? Na upepo huu? Farasi huyo ameshakuwa soseji huko Italia, Salka. Nakuambia kama ndugu, usijitese."

"Basi nikaambiwe na aliyemuuza. Washa gari, Ignac, au naenda kwa miguu."

Jirani akaja kukaa na mgonjwa, nao wakashuka bondeni. Dalali waliyemkuta alikuwa anakula mkate na mafuta ya nguruwe, amesimama, kofia kichwani. Alitafuna hadi mwisho kabla ya kujibu.

"Farasi wazito wa umri ule, mama, mimi huwapeleka mpakani. Huo ndio ukweli, sitakupaka asali mdomoni."

Salka akashika nguzo ya lango.

"Lakini yule wa kijivu..." Dalali akajikuna shingo. "Yule si aliyemng'ata mtu wangu? Ee, yule. Alikataa kupanda lori la pili. Tulimvuta, tukamsukuma, tukamtukania mama yake, hakupanda. Akatokea mwanamke mmoja wa bonde la Wilczy, Tekla, anavuta magogo yule, mwanamke kama mwanamume. Akasema nipe huyo mkaidi. Nikampa, nikashukuru Mungu."

Ignac alitaka kupumzika na kunywa chai. Salka alikuwa tayari ndani ya gari.

Barabara ya Wilczy ilikuwa imefungwa na msonobari ulioangushwa na upepo. Waliliacha gari hapo, wakaukwea mti, wakaendelea kwa miguu, Ignac akihema na kulaani nyuma. Msitu wote ulikuwa unayumba. Matawi yalikuwa yakivunjika juu yao kwa milio mikavu, na mtu mwenye busara angerudi. Kisha Salka akasikia mnyororo. Sauti hiyo aliijua kuliko kengele ya kanisa.

Farasi alikuwa amesimama katikati ya mteremko, gogo limefungwa nyuma yake, masikio yamelala, miguu imepandwa ardhini. Mbele yake alisimama mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, anambembeleza na kumtisha kwa pumzi moja.

"Twende, Mvi. Twende, baba. Twende, shetani wewe!" Akawaona wageni. "Na nyie mnatafuta nini chini ya miti inayoanguka?"

"Huyo farasi ni wa mume wangu," Salka akasema. "Nimekuja kumnunua."

"Alikuwa wa mume wako. Hauzwi."

"Nitakurudishia kila ulichotoa na zaidi."

"Mama, sikiliza. Nina watoto na mteremko mzima wa kusafisha kabla ya theluji. Huyu ndiye mikono yangu. Ukimchukua, nitavuta kwa meno?"

"Mume wangu yuko kitandani hasemi! Kwa ajili ya huyo!" Salka alipaza sauti, na hapo hapo akaona haya, kwa kuwa mwanamke huyu hakumwibia mtu kitu. Aliyempandisha mnyama kwenye lori alikuwa yeye mwenyewe.

Tekla alivua glavu. Akajifuta jasho kwa kiganja, akakaa juu ya gogo.

"Ana nguvu za ajabu," akasema kwa sauti ya chini zaidi, "lakini hanisikii. Anavuta akitaka, anasimama akitaka. Juzi nusura anivunje mguu. Dalali aliniambia anaitwa Mvi. Namwita Mvi, ananitazama kama nimemwita babu yake. Mumeo alikuwa anamfanya nini?"

"Hakuwa anamwita Mvi akiwa kazini."

"Alimwitaje?"

Salka alisita. Aliona kama anatoa kitu kisicho chake. Kisha akakiweka kiganja kinywani akaita, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia: "Grom!"

Masikio ya farasi yakasimama. Kichwa kikainuka, kikageuka, si kwa Salka bali juu zaidi, kwenye njia ya mlimani, kutafuta mtu aliyepaswa kuja nyuma ya sauti ile.

"Mungu wangu," Ignac akanong'ona.

Tekla akasimama. "Mlete," akasema. "Mlete mzee hata kama amebebwa. Farasi simtoi, hilo lijue kabisa. Ila mlete."

Walimpeleka siku halny ilipokata na baridi ya kweli ikaingia. Wawrzek hakuulizwa, alivikwa koti la ngozi ya kondoo, akaketishwa gari la Ignac kama gunia, uso wake umegeukia kioo asimwone mkewe. Walipomkalisha kwenye kiti chini ya mteremko alikuwa bado amekunja uso. Kisha upepo mdogo ukamletea harufu ya farasi, na Salka akaona pua yake inatanuka.

Tekla alikuwa juu, anashuka na gogo. "Grom, taratibu, taratibu!" alikuwa akiita, na farasi alimsikia zaidi kuliko zamani, lakini mahali njia inapojikunja gogo lilianza kuteleza kwa upande, likimfuata mwanamke huyo aliyekuwa amesimama upande mbaya.

"Prrr!"

Sauti ilitoka kwenye kiti. Farasi akasimama papo hapo, akaegemeza uzito wote nyuma, mnyororo ukakaza, gogo likakwama kwenye kisiki.

"Wiśta!" akasema Wawrzek. Farasi akapiga hatua kushoto, gogo likanyooka. "Wio," akasema tena, polepole, kama baba anayemwambia mtoto avuke. Mnyama akashuka mteremko wote na gogo lake, akafika, akapita, akasimama mbele ya kiti bila kuambiwa, akaingiza pua ndani ya koti la ngozi. Wawrzek akamzungushia mkono mmoja shingoni. Alikuwa akilia bila kujificha. Jina la farasi halikutoka hata siku ile. Alijaribu, likaja "ogromny", na farasi hakuona tofauti.

Tekla alikuwa amekaa chini kwenye majani. "Jumamosi ijayo pia," akasema alipopata pumzi. "Saa zile zile."

Wakawa wanakwenda kila Jumamosi hadi theluji ilipofunga njia. Bi Dobrosława alisema maneno ya aina ile, amri za kazi na matusi, hukaa mahali pengine kichwani ambapo kiharusi mara nyingi hakifiki, na akaziweka kadi zake za tufaha mkobani. Nyumbani sasa Wawrzek alikuwa na maneno matatu ya farasi, akayatumia kwa watu. Akitaka supu, alimwambia mkewe "Wio." Akishiba, "Prrr." Ignac alicheka hadi akakohoa. Salka alitii, akajisemea kwamba amestahili.

Kwa maana Wawrzek alikuwa hajamsamehe, au hivyo ndivyo Salka alivyoamini. Jina la Tekla lilikuja wakati wa Noeli. Likaja la Ignac, likaja la mtoto, likaja neno la mkate. La Salka halikuja. Alikuwa akizunguka jikoni kama zamani, akipangusa, akihamisha, akisubiri, na akiona aibu kusubiri kitu kidogo hivyo katika umri ule.

Kwaresima ilipoanza, Wawrzek akapata neno jipya: chumvi. "Chumvi," alisema akiwa ameketi mezani, na Salka akamletea kichupa. Akakisukuma. "Chumvi." Akamletea ya mawe, ya kuchachishia kabichi. "Chumvi!" alifoka, uso umemwiva. Salka alikuwa keshashika mlango wa stoo kwenda kutafuta nyingine aliposimama ghafla. Kwa lugha yao chumvi ni sól, na jina la Salka huanzia mahali hapo hapo kinywani.

Akauachia mlango. Akarudi, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Nipo," akasema.

Wawrzek akashusha pumzi.

"Bado una kinyongo na mimi juu ya Grom?"

Wawrzek akainua bega lile zima, akalishusha, akausogeza mkate mbele ya mkewe ili aukate.